Sare ya Heru Juu

"Mzee Sare amefariki," Mwalimu Kessy aliniambia kwenye simu, na alilitaja jina hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ndilo alilobatizwa marehemu. Sikumlaumu. Jina limekaa Kasulu muda mrefu mno, na vijana wa bodaboda wanaopeleka abiria Heru Juu hawajui kwamba mzee huyo aliitwa Bukuru, wala kwamba kabla ya kuitwa Sare watu walimwita Nyundo, tena kwa heshima, huku wakimvutia kiti. "Tunazika keshokutwa," Kessy akaendelea. "Najua uko mbali, lakini nimeona si vizuri usikie kwa watu." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilibaki nimekaa pale ofisini Morogoro nikiitazama mikono yangu juu ya meza. Ni mikono mikubwa. Watu wote wanaokutana nami huitazama kabla hawajanitazama usoni, na ukweli wa Mungu ni kwamba haijawahi kufanya kazi yoyote ya maana zaidi ya kufungua koki zilizoshika kutu. Nikaona aibu upya, aibu ileile ya mwaka 2014, mbichi kama ya jana.

Mwaka ule nilipangiwa Kasulu nikiwa fundi sanifu wa maji, kijana mwenye vyeti vipya na mwili wa kutisha. Nilipanga chumba Mwilamvya, chumba chenye kitanda kifupi ambacho miguu yangu ilikipita, hata nikazoea kuilaza juu ya sanduku langu la nguo. Mlango nao niliugonga kwa paji la uso asubuhi nyingi kabla sijajifunza kuinama. Chakula nilikula kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Ujiji aliyekuwa na mgahawa karibu na soko: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa mawese, na siku zenye baraka, samaki wa mgebuka wa kukaanga. Siku ya kwanza tu nilipoingia, alinipima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza, "Baba, wewe bondia?" Nikamjibu, "Kidogo." Hilo ndilo neno lililoniponza, na lilikuwa la kweli. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilipiga mfuko Manzese na wenzangu, nikapanda ulingoni mara chache, na pambano moja nilitangazwa mshindi kwa sababu mwenzangu hakutokea. Huko ndiko kujua kidogo. Lakini kwetu mtu akisema anajua kidogo, wenzake huelewa kwamba anajua sana ila amelelewa vizuri. Chai ilipofika mezani nilikuwa tayari nimeshaitwa Hevi.

Pale kwa Mama Zuhura kulikuwa na benchi lililokuwa na kazi moja, kupambanisha mabondia wa uzito wa juu ambao wasingeweza kamwe kukutana. Mwenye benchi alikuwa Mwalimu Kessy, Mchaga aliyekuja kufundisha hesabu akaoa hukohuko, na alikuwa ameweka sheria. Kila bondia achukuliwe siku yake bora kuliko zote. Glavu ziwe sawa, mwamuzi awe mmoja, na mtu haruhusiwi kusema "wa zamani walikula vyakula vya asili" kisha akae, lazima aeleze konde lingetoka wapi na kufika wapi. Waliwachukua Wamarekani wa enzi za redio, ambao wengi wetu tuliwaona kwenye vipande vya kanda tu, wakawaweka na wale warefu wa Ulaya wa siku zile. Alimasi, Mkongo aliyekuwa akitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa kibali kuja kuuza vitenge, alikuwa upande wa wazee daima. "Bale ba leo beko na mwili tu," alisema, akijipigapiga kifuani. "Fosi hapana. Ule wa zamani, akikugusa, njo unajua mama yako alikuzaa kweli." Kessy alimjibu kwamba urefu wa mkono ni hesabu, na hesabu haina zamani wala leo. Mama Zuhura alipita na sinia akasema wote wamepigwa na wake zao asubuhi ndiyo maana wanapenda ngumi za watu wengine. Nilicheka sana kwenye benchi lile. Nadhani sijawahi kucheka vile tena, kwa sababu kila nikianza kucheka nikiikumbuka ile meza, nakumbuka pia kilichofuata.

Mzee Bukuru aliingia siku ya soko, amevaa koti la suti juu ya shati lililofungwa vifungo vyote, na fimbo ambayo hakuihitaji. Aliuza ndizi zake mapema kisha akaja kunywa chai, na mtu mmoja akainuka kumpisha kiti bila kuambiwa. Nikaelezwa kwa kunong'onezwa kwamba huyo ndiye Nyundo, aliyepigana uzito wa juu akiwa jeshini, aliyewaangusha watu Kigoma na Tabora, mpaka wazee wa Munanila walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda kusikiliza matokeo yake kwenye redio ya mtu. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alipenda kusifiwa kama mtoto apendavyo sukari, na kama sifa zilichelewa alizianzisha mwenyewe. "Mnasema habari za watu wa mbali," aliwaambia, akipuliza chai. "Mimi hapa nimekaa. Hamnioni?" Watoto wake walikuwa wameondoka, wawili Dar es Salaam na mmoja asiyejulikana alipo, shamba lake lilikuwa dogo, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Jina ndilo alilobaki nalo. Jina lile ndilo lililomwamsha siku ya soko akavaa koti.

Kessy alinitazama, akamtazama mzee, na nikaona hesabu ikiingia machoni mwake. "Haya," alisema. "Nyundo wa enzi zake na Hevi wa leo. Siku bora kwa siku bora." Kesi hiyo ililiteka benchi kwa wiki nyingi. Niligeuzwa bidhaa. Walinisimamisha wakapima mkono wangu kwa kamba ya Mama Zuhura ya kuanikia nguo, wakapima na wa mzee. Pascal, dereva wa bodaboda, alisema Hevi atamkalia tu mzee na pambano litakwisha. Alimasi alisema Nyundo atachomoza chini ya mikono yangu na kunivunja mbavu. Mzee mwenyewe alisimama kati ya meza akaonyesha, akijitetea na kunitetea, maana alikuwa na haki ya ajabu ndani yake. "Hapana, hapana," alisema, "Hevi hawezi kuingia kijinga hivyo. Mpeni akili kidogo." Na mimi nilikaa pale, nikisifiwa kwa makonde ambayo sikuwahi kurusha, na nilianza kuyaamini. Jioni nikirudi Mwilamvya nilirusha mikono chumbani mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, ambacho kilionyesha bega moja tu.

Kisha akanialika kwake. Heru Juu nilikuwa nikienda kwa kazi, kulikuwa na bomba la mserereko, la maji yanayoteremka yenyewe toka mlimani, lililokuwa likipasuka kila mvua, kwa hiyo siku moja nilipomaliza nilipanda kwake na tope langu. Sebule yake ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa, redio iliyofunikwa kitambaa kama maiti ya kuheshimiwa, na ukutani juu ya redio picha kwenye fremu: kijana mwembamba kiunoni, mpana mabegani, glavu mbili chini ya kidevu. Nikapiga salamu, "Mwidiwe," na mkewe, Mama Leoni, akacheka Kiha changu huku akipiga makofi yale ya taratibu ya kumpokea mgeni. Wakachinja kuku. Mnajua firigisi ni ya nani katika nyumba. Mzee aliichukua kutoka kwenye bakuli, akaiweka kwenye sahani yangu. Nikakataa, akasema, "Kula, mwana wanje, mwanangu. Mwenye nyumba leo ni wewe." Niliila. Hata utamu wake naukumbuka, na ninapoukumbuka natamani ningekuwa nimekataa mara ya pili.

Baada ya kula tulitoka nyuma, kwenye migomba. Mama Leoni alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya mihogo. Mzee alivua koti akalitundika kwenye mgomba, akaniambia, "Nirushie." Nikamwambia, "Mzee, siwezi, nitakuumiza." Alinitazama kwa huruma, ndiyo, ilikuwa huruma, ila nilikuwa sijaijua. "Basi mimi nikuguse tu." Sikuona mkono. Najua ulikuwa wa kushoto, na ulikuwa wazi, kiganja, si konde, ukaingia chini ya mbavu zangu pale ambapo mtu hana ngao, na miguu yangu iliondoka kana kwamba mtu ameikata. Nilikaa juu ya majani makavu ya migomba, mdomo wazi, hewa haiingii wala haitoki, na babu wa watu mwenye magoti mabovu amechuchumaa mbele yangu ameshika bega langu. "Tulia. Pua, si mdomo. Haya, taratibu." Nilimwona Mama Leoni ameshika kisu hewani, kiganja kingine mdomoni. Hewa iliporudi, mzee alinipangusa majani mgongoni kama mama anayempangusa mtoto kabla ya kwenda kanisani. "Haya hayatoki hapa," alisema. "Weye ni mgeni wetu. Mgeni haaibishwi. Na ukiwa unatupa maji halafu watu wakucheke, maji yatakuwa na ladha gani?" Akacheka mwenyewe. Nikacheka nami, kwa kadiri mbavu zilivyoruhusu.

Siku ya soko iliyofuata, Kessy alimwuliza mbele ya wote, "Mzee, tumesikia Hevi alipanda kwako. Mmepimana?" Mzee alimaliza kumeza andazi lake kwanza. "Sare," alisema. "Mimi wa siku zangu na huyu wa leo, ni sare. Huyu ni mimi. Kuanzia leo mwiteni Nyundo, mimi niiteni Nyundo Mkubwa." Benchi lilishangilia, Mama Zuhura akaleta mgebuka ambao hakuna aliyeuagiza. Nami nilifanya nini? Nilitabasamu, nikainamisha kichwa. Wakasema ona, huyu kijana amelelewa vizuri.

Kibondo walikuwa na bonanza la michezo, mpira, kuvuta kamba, na safari hiyo mtu akafikiria ngumi. Wakasema wana mtu wao wa uzito wa juu, Meshaki, dereva wa lori. Kasulu wakasema wao wana Nyundo. Tulikwenda kwenye pikapu kwa barabara ile ya vumbi jekundu, tukapita Makere ambako Alimasi alitungojea akapanda nyuma, wote tukafika Kibondo tuna rangi moja. Mzee alikaa mbele, koti lake amelifunika kwa mfuko wa nailoni lisichafuke. Ulingo ulikuwa wa nguzo za mikaratusi na kamba za manila katikati ya uwanja wa shule, chini turubai juu ya nyasi. Mzee alikuwa kwenye kona yangu. Kabla ya kengele alimgeukia mtangazaji, akaomba kipaza sauti, akauhutubia umati wa Kibondo ambao haukumwomba chochote: "Wazee wanaonijua, mimi ni Bukuru, Nyundo wa Heru. Leo sipigani mimi. Lakini mkimwona huyu, mmeniona mimi." Kulikuwa na wazee kweli waliomjua. Walipiga makofi.

Meshaki alikuwa mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Aliingia chini ya mikono yangu kama Alimasi alivyotabiri kwamba mtu angeingia, akanipiga palepale, chini ya mbavu. Safari hii halikuwa kiganja. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka turubai karibu na jicho langu, na chungu mmoja akitembea juu yake kwa shughuli zake. Nilijaribu kusimama. Nataka hilo lijulikane, nilijaribu kwa nguvu zote, nikafika magotini, kisha maharage yote ya asubuhi yakatoka mbele ya akina mama, wakuu wa idara, watoto wa shule na mcheza ngoma aliyekuwa akingoja zamu yake. Kicheko cha uwanja kilikuwa kama mvua juu ya bati. Mzee aliingia kati ya kamba kwa shida, goti moja kisha lingine, akalitoa lile koti lake akanifuta nalo mdomo.

Aibu ya kupigwa huwa haidumu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, Kessy aliniambia njiani, na wiki ile ingekwisha ningekuwa nimeshaizoea. Tatizo lilikuwa hesabu yake. Sijui kama alikusudia mabaya, yeye alikuwa mtu wa kufuata jambo hadi mwisho wake. Siku ya soko aliweka vikombe viwili mezani kwa Mama Zuhura. "Hiki Hevi. Hiki Mzee Bukuru. Mzee mwenyewe kasema ni sawa, sare. Sasa hiki kimeangushwa na dereva wa lori kabla chai haijapoa." Akakilaza kikombe changu. Kisha, taratibu, akakilaza na cha pili. Pascal akaangua kicheko, na wote wakafuata. "Kumbe Nyundo Mkubwa ilikuwa stori!" "Kumbe Tabora walimpiga nani, wagonjwa?" Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Koti alilovaa lilikuwa bado na doa ambalo Mama Leoni alishindwa kulitoa.

Nilimtazama. Siri ilikuwa yake, yeye ndiye aliyeifunga na yeye ndiye aliyeweza kuifungua. Nilitamani aseme, naapa nilitamani, aseme kwamba alinikalisha chini kwa kiganja akiwa na magoti mabovu, aniaibishe, jambo liishe. Na wakati huohuo niliogopa asije akasema. Akatembea hadi kwenye benchi. Siku hiyo hakuna aliyempisha kiti. "Ni kweli," alisema. "Hata mimi huko Tabora nilianguka hivyohivyo. Konde moja. Nikatapika pia." Akacheka, akanigonga begani. "Si nimewaambia huyu ni mimi? Ngumi za zamani zilikuwa maneno mengi tu." Alidanganya wazi, mbele yangu, akajilaza chini kando yangu kama kile kikombe cha pili, ili nisiwe peke yangu pale chini. Nami nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema neno moja. Nilichukua tonge nikala.

Basi jina likafa, na lingine likazaliwa. Mzee Sare. Lilikuwa la utani, halikuwa na chuki, ndiyo maana lilidumu. Aliacha kuja kwenye benchi, ndizi zake akawa anamwuzia mtu palepale Heru Juu. Nilipopata uhamisho nilipanda kuaga. Juu ya redio kulikuwa na kalenda ya parokia, na ukutani pembeni yake pakabaki mraba mweupe ambao moshi haukuufikia. Sikuuliza picha iko wapi. Walichinja kuku, na firigisi ikaja kwenye sahani yangu kama mara ya kwanza.

Barabara siku hizi ni lami. Nilifika Heru Juu kwenye maziko nikiwa safi, shati halina hata vumbi, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mjukuu: alikuwa mkulima hodari, mzee wa kanisa, aliwahi kutumikia jeshi. Ngumi hazikutajwa. Nadhani walitaka kumstiri. Walipouliza kama yupo rafiki wa mbali mwenye neno, nilisimama, na watu wakaitazama mikono yangu. Nikasema. Nilieleza migomba, kiganja, majani makavu, hewa iliyogoma. Nilisema hapakuwa na sare, haikuwepo hata siku moja, na kwamba mzee yule hakuwahi kuwa mimi, wala mimi sikuwahi kufika magotini pake. Nilisema Tabora hakuanguka. Nikakaa.

Watu walipiga makofi yale ya taratibu ya heshima. Nilitazama nyuso zao na nikaelewa, kwa sababu nilikuwa nimeshaziona nyuso hizo, siku niliyosema "kidogo." Kijana mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Wageni wa mjini wanajua kusifia marehemu." Kessy, mvi kichwa kizima, alinishika mkono kwa nguvu, macho yake yana machozi. "Umesema vizuri, ndugu yangu. Umemfuta mzee machozi. Ndivyo inavyopasa kusema."

Nilimfuata Mama Leoni alipokuwa ameketi na wanawake wenzake. Nikapiga goti. "Mama," nikamwambia, "ulikuwepo siku ile. Waambie wewe."

"Ego, nilikuwepo," alisema. Alinitazama bila hasira, na hasira ndiyo ningeipendelea. "Nimewaambia miaka yote hii. Lakini mimi ni mkewe, baba. Mke akimsifia mumewe, nani anamsikiliza?" Akavuta khanga yake begani. "Yeye alikuwa akisema tungoje. Alisema shahidi yuko, ni kijana mzuri, siku moja atasema mwenyewe. Kila gari la idara ya maji lilipopita hapo chini alitoka nje kutazama."